Vidole vyangu vinakakamaa, mama alikufa kwa moyo: je, ni ugonjwa mmoja?

Shikamoo daktari,

Nina miaka 38, nimeolewa, nina watoto wawili na naishi Ngamiani hapa Tanga. Ni fundi cherehani. Nashona madera, kanzu na sare za shule. Kodi ya nyumba na mahitaji ya shule ya binti yangu vinatoka kwenye mikono hii ninayotaka kukueleza habari zake.

Kabla ya Ramadhani iliyopita nilianza kuamka alfajiri vidole vimekakamaa. Nikichukua udhu kwa maji ya vuguvugu napata nafuu kidogo, lakini kufunga vifungo vya shati la mtoto siwezi. Vifundo vya vidole vimevimba, vya kulia na vya kushoto sawasawa, na maungio ya viganja pia. Nyayo nazo zinauma nikikanyaga sakafu asubuhi. Mkasi unakubali kushikika saa nne hivi, siku mbaya inafika saa sita. Halafu kuna uchovu ambao sijui niuelezeje. Nalala usiku kucha, nikikaa kwenye mashine nasinzia.

Kijana wa duka la dawa aliniambia ni gauti. Akanikataza nyama nyekundu na maharage, akanipa diklofenaki. Nikimeza natulia, nikiacha yanarudi. Wakati mwingine ananichoma sindano na nakaa vizuri siku chache.

Wifi yangu anauza vidonge vya viungo, anasema ni vya miti shamba, vinatoka nje na kopo lina maandishi ya lugha nisiyoijua. Nilipomeza cha kwanza, kesho yake niliamka mikono miepesi kama zamani. Nililia kwa furaha. Tangu hapo navimeza kila siku. Uso umejaa, majirani wananitania kwamba ndoa imenikubali. Lakini nilipokwenda zahanati kwa homa, wakanipima presha wakakuta 150 kwa 95, na damu 9.4. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikavimaliza, nikapima tena, damu iko palepale.

Sasa wifi anasema mwili wangu umejaa inflamesheni, nayo inaua kimyakimya, na inabidi nisafishe mwili kwa unga wa dozi kamili, shilingi 180,000. Sina hela hiyo, ila naweza kuikopa kwenye kikoba.

Kinachonikosesha usingizi ni mama. Marehemu mama alikuwa na mikono iliyopinda. Alichuuza samaki tangu ujana wake, na sisi tulijua ni baridi ya pwani na barafu ya samaki. Hakuwa na presha tuliyoijua, hakuwa mnene. Akafa ghafla akiwa na miaka 57, hospitali wakasema ni moyo. Msibani watu walisema mengi, wengine wakataja majina ya majirani. Je, mikono yake na moyo wake vilihusiana? Na mimi ndiko ninakoelekea?

La mwisho, baba watoto anataka tuongeze mtoto wa tatu, na mimi nataka pia. Na binti yangu ana miaka 15, naogopa nimemrithisha. Naomba unijibu bila kunificha.

Fundi wa Ngamiani

*

Marahaba dada yangu, na pole sana. Umeeleza vizuri kuliko wagonjwa wengi wanaokaa mbele yangu, na nitakujibu yote. Lakini nianze na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu haliwezi kusubiri: kopo la wifi yako.

Hakuna mzizi wala jani ninalolijua linaloweza kuondoa uvimbe wa viungo usiku mmoja, kisha likajaza uso na kuambatana na presha inayopanda. Dawa zinazofanya hivyo nazijua, ni steroidi, jamii ya prednisoloni na deksamethasoni. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu kuhusu vidonge vya viungo vinavyoitwa Artri King vilivyokuwa vikiuzwa kama virutubisho vya asili. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyoandikwa kwenye kopo. Sisemi kopo ulilonalo ni hilo. Nasema dalili zako zinafanana mno na za mtu anayemeza steroidi bila kujua. Simlaumu wifi yako pia, huenda anaamini kwa moyo safi anachokiuza.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Usiviache vidonge hivyo ghafla leo usiku. Mtu akimeza steroidi kila siku kwa wiki nyingi, tezi mbili zilizo juu ya figo, ambazo kwa kawaida hutengeneza homoni ya namna hiyohiyo, hupunguza kazi yake na kulala. Ukikata kwa siku moja, mwili unabaki bila ile ya kopo na bila ile yake wenyewe: nguvu zinaisha, unatapika, presha inashuka, na mtu anaweza kuzimia na kufa. Nenda hospitali wiki hii, ubebe kopo lenyewe mkononi, useme umelitumia kwa muda gani na vidonge vingapi kwa siku. Daktari atakubadilishia dawa inayojulikana kipimo chake, kisha atakushusha taratibu. Ukianza kutapika au kuona kizunguzungu kizito kabla ya hapo, usisubiri foleni ya kliniki. Nenda kitengo cha dharura na uwaambie juu ya kopo. Hata zile sindano za dukani nazo uzitaje, kwa sababu mara nyingi huwa ni jamii ileile.

Kulia kwako kwa furaha ile asubuhi nakuelewa kabisa. Mwezi Septemba 1948, katika Mayo Clinic huko Rochester, Minnesota, daktari Philip Hench na wenzake walimchoma sindano ya kotisoni, ambayo nayo ni steroidi, mwanamke kijana ambaye baridi yabisi ilikuwa imemlaza kitandani. Baada ya siku chache aliinuka, akatoka kwenda madukani. Dunia ilidhani dawa ya kuponya viungo imepatikana, na mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini madhara yakaanza kuonekana mapema: uso kujaa, sukari kupanda, mifupa kulegea, akili kuvurugika, maambukizi. Tangu wakati huo madaktari wanaitumia steroidi kwenye viungo kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi, ili mgonjwa avuke wakati dawa nyingine zikishika kazi. Wewe umepewa daraja bila kuonyeshwa ng'ambo.

Tuje kwenye ugonjwa. Sijakushika mkono, kwa hiyo jina la mwisho litatoka kwa daktari atakayekupima. Lakini gauti naitilia shaka kubwa. Gauti kwa mwanamke wa miaka 38 ambaye bado anapata hedhi ni nadra, na mara nyingi huanza kwa kishindo usiku, kwenye kiungo kimoja, hasa kidole gumba cha mguu. Haiji taratibu kwenye vidole vya mikono yote miwili. Maharage yako rudi ule. Hata kwa wenye gauti hayajaonekana kuongeza ugonjwa, na wewe mwenye damu 9.4 unayahitaji.

Vidole vidogo vya pande zote mbili, kukakamaa asubuhi kwa masaa, nyayo kuuma, uchovu, na mama mwenye mikono iliyopinda: hiyo ndiyo sura ya baridi yabisi, ambayo kwa kitabibu ni rumatoidi athraitisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 18 waliishi nayo mwaka 2019, na karibu 70 katika kila 100 ni wanawake. Licha ya jina tulilolizoea, baridi haiisababishi, wala barafu ya samaki haikumpa mama. Watu wa jangwani nao wanaugua. Daktari ataangalia pia mengine yanayofanana nayo, na huku kwetu asiisahau chikungunya, homa ya mbu iliyotambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, ambayo huweza kuacha viungo vikiuma kwa miezi. VVU pia huleta maumivu ya viungo, hivyo ukiombwa kupima usikasirike.

Sasa lile neno la wifi, inflamesheni. Hakukosea kulitaja. Sindano ya cherehani ikikuchoma kidole, mahali pale panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba na panauma. Celsus aliziandika dalili hizo nne huko Roma karibu miaka 2,000 iliyopita, na mpaka leo hazijabadilika. Ni kinga ya mwili imefika, imepanua mishipa midogo, imemwaga chembe zake kupambana na vijidudu na kuanza kukarabati. Baada ya siku chache kazi inaisha na kinga inarudi nyuma. Hiyo ndiyo inflamesheni, nami hapa nitaiita uvimbe. Bila uvimbe huo tungekufa kwa kila mchubuko.

Katika baridi yabisi kinga hairudi nyuma. Imeugeukia utando laini unaozunguka kiungo na kukitengenezea ute wake, na inaushambulia siku baada ya siku pasipo kijidudu chochote. Utando unanenepa, unatambaa juu ya gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, na kuanza kula mfupa. Umewahi kuona makumbi ya nazi yakichomwa: hakuna ndimi za moto, moshi mwembamba tu, na kesho yake fungu lote ni majivu. Ndiyo maana nakuambia usitumie maumivu kama kipimo. Diklofenaki inatuliza maumivu na uvimbe wa juu, lakini haizuii mfupa kuliwa. Uharibifu mkubwa huanza mapema, mara nyingi ndani ya miaka 2 ya kwanza. Mikono ya mama ilipinda kwa sababu wakati wake hakupata dawa ya kuuzuia ugonjwa wenyewe.

Na moyo wake? Ulitaka nisikufiche, basi nakwambia: siwezi kusema kwa hakika kilichomuua mama yako, na hakuna anayeweza sasa. Lakini uhusiano unaouuliza upo na umepimwa. Zile kemikali ambazo kinga inazitoa kwenye vidole, mojawapo ikiitwa interlukini-6, hazibaki kwenye vidole. Zinaingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima. Kwenye mishipa ya moyo zinaufanya ukuta wa ndani ushike mafuta kirahisi, na yale mafuta yaliyokwisha kuganda pale yanakuwa tete, yanapasuka, damu inaganda juu yake na mshipa unaziba. Mtu mwenye baridi yabisi ana hatari ya ugonjwa wa moyo iliyo karibu mara moja na nusu ya mwenzake wa umri uleule asiye nayo. Ndiyo sababu miongozo ya Ulaya inawataka madaktari wakishakokotoa hatari ya moyo ya mgonjwa wa viungo, waizidishe kwa 1.5. Mtu mwembamba, asiyevuta sigara, anaweza kuanguka. Waliotaja majina ya majirani msibani waliwaonea majirani, na ningefurahi ukiwaambia ndugu zako hivyo.

Kwa miaka mingi lilibaki swali kama uvimbe huo ndio unaoumiza moyo au unaandamana nao tu. Mwaka 2017 yakatoka majibu ya utafiti mkubwa uitwao CANTOS, ulioongozwa na Paul Ridker wa Boston. Watu zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata shambulio la moyo, na ambao damu yao ilionyesha uvimbe wa ndani, waligawanywa: wengine walipewa dawa inayozuia kemikali moja ya uvimbe, wengine sindano isiyo na dawa. Dawa hiyo haikugusa kolestro hata kidogo. Hata hivyo, kwa waliopata kipimo cha miligramu 150, mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 15. Dawa yenyewe ni ghali mno na iliongeza vifo vya maambukizi, kwa hiyo haikuwa dawa ya kawaida ya moyo. Ila swali lilijibiwa: uvimbe wa ndani wenyewe ni chanzo.

Ile damu isiyopanda nayo ina maelezo. Interlukini-6 ikizidi, ini linatoa homoni iitwayo hepsidini, na hepsidini inafungia madini ya chuma ndani ya ghala za mwili na kuyazuia yasipenye kutoka tumboni. Chuma kipo, lakini uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, haukipati. Ukimeza vidonge vya damu kwa mtindo huo vinapita tu. Damu hupanda uvimbe ukidhibitiwa. Lakini kuna njia ya pili ambayo lazima iangaliwe: diklofenaki ikiungana na steroidi hutoboa vidonda vya tumbo, na mtu anavuja damu kidogokidogo bila kujua. Je, umepata choo cheusi kama lami? Mwambie daktari. Na kwa kuwa diklofenaki inapandisha presha na kuumiza figo, ukiachana nayo huenda sehemu ya ile 150 ikashuka yenyewe.

Uvimbe huu ukiachwa miaka mingi unafika kwenye mapafu, unapunguza uzito wa mifupa, na kwa wachache protini inayoitwa amiloidi hujaa kwenye figo. Sikuorodheshei haya ili kukutia hofu. Ni kwa sababu wagonjwa wengi huku kwetu wanaambiwa "ni viungo tu, utazoea".

Sasa unga wa 180,000. Wifi anazungumza kana kwamba inflamesheni ni uchafu mmoja unaokaa mwilini na kuoshwa. Hapa ndipo ninapopingana naye kwa nguvu zote. Uvimbe sugu una chanzo, na kila chanzo kina dawa yake. Kichocho cha mkojo, ambacho watoto wetu wanakipata kwenye madimbwi na mabwawa, huweka mayai kwenye ukuta wa kibofu. Kinga inayazunguka miaka na miaka, na mwisho wake unaweza kuwa saratani ya kibofu. Dawa yake ni prazikwanteli. Homa ya ini ya B inachochea ini mpaka linakuwa na makovu na saratani, na hiyo ina chanjo. Bakteria wa tumboni ambaye Barry Marshall wa Australia alimnywa mwenyewe mwaka 1984 kuthibitisha kwamba anachochea ukuta wa tumbo, anauawa kwa antibayotiki. Mafuta ya tumboni yanayozunguka matumbo nayo yanatoa kemikali zilezile, na hayo yanapunguzwa kwa chakula na mwendo. Hakuna unga mmoja unaoweza kuua minyoo ya kichocho, kumwondoa bakteria na kuirudisha nyuma kinga inayokula vidole vyako. Usikope hela ya kikoba kwa ajili hiyo, dada yangu. Ukikopa, kopa kwa ajili ya nauli na vipimo.

Vipimo vyenyewe ndivyo hivi. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uombe kumwona daktari wa magonjwa ya ndani. Madaktari bingwa wa viungo bado ni wachache sana nchini, lakini daktari wa ndani anaweza kuanza matibabu na kukupa rufaa kama itahitajika. Fika asubuhi, wakati vidole bado vimevimba, au jipige picha alfajiri ukifumba ngumi, umwonyeshe. Atahitaji ESR au CRP, ambavyo vinapima uvimbe wa ndani, pamoja na rumatoidi fakta, na kama maabara inacho, kipimo cha anti-CCP; hivi viwili vinatafuta kwenye damu kingamwili za baridi yabisi. Rumatoidi fakta ikitoka hasi usikubali kurudishwa nyumbani kwa hilo peke yake, kwa sababu wagonjwa wengi tu wana baridi yabisi na kipimo hicho ni hasi. Tena apime sukari, figo, ini, picha nzima ya damu, homa ya ini B na C, na akuulize habari za kifua kikuu, maana dawa zinazotuliza kinga, na steroidi uliyoimeza, huweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala.

Ikithibitika, dawa ya kwanza duniani kote ni methotreksati. Ni ya zamani, si ghali ukilinganisha na sindano mpya, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa kuwa watu wamekufa kwa kuimeza kila siku, baada ya mtu wa dukani kuandika "1x1" kwa mazoea. Chagua siku, tuseme Jumatatu, iandike kwenye pakiti, na mwambie baba watoto naye aijue. Utapewa asidi ya foliki ya kumeza siku nyingine ili kupunguza vidonda vya mdomo na kichefuchefu, na utapimwa damu na ini mara kwa mara. Pombe hapana. Na uwe na subira, kwa maana inachukua wiki 6 mpaka 12 kuonyesha kazi yake. Wengi wanaiacha wiki ya tatu, wanasema haifanyi kitu, wanarudi kwenye kopo.

Hapo ndipo suala la mtoto linapoingia, nalo lisemwe kabla karatasi ya dawa haijaandikwa. Methotreksati huharibu mimba na kumlemaza mtoto tumboni. Mkiwa mnataka mtoto sasa hivi, daktari ana haidroksiklorokwini na salfasalazini, ambazo wanawake wajawazito wamezitumia kwa usalama, ingawa kwa wengine ni dhaifu zaidi. Mkikubaliana kusubiri, tumia methotreksati pamoja na uzazi wa mpango wa kuaminika mpaka ugonjwa utulie, kisha uiache miezi kadhaa kabla ya kushika mimba, kwa muda atakaokupangia daktari. Mimi ningeshauri msubiri. Mimba inayoanza ugonjwa ukiwa umetulia, presha imeshuka na damu imepanda ni salama zaidi kwako na kwa mtoto, na utakuwa na mikono ya kumbeba. Nenda na mume wako kliniki, asikie mwenyewe. Mwanamume akisimuliwa nyumbani huona anacheleweshwa, akielezwa na daktari huuliza maswali ya maana.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Tanga mna vibua na dagaa, na mafuta ya samaki hao yana msaada mdogo lakini wa kweli kwenye viungo. Kula mboga za majani, kunde, matunda, punguza chumvi kwa ajili ya presha na vyakula vya kukaangwa kwa ajili ya uzito. Manjano na tangawizi viache kwenye sufuria ya mchuzi, vina nafasi yake pale. Meno usiyasahau: ugonjwa wa fizi na baridi yabisi vinaandamana, na mwenye fizi zinazotoa damu aonwe na daktari wa meno.

Kazi yako usiiache. Ipange upya. Kukata kitambaa kunabana vidole kuliko kushona, kwa hiyo kata mchana vidole vikishalegea, asubuhi fanya kazi ya mashine. Nunua mkasi wenye mpini mpana, au uzungushie mpini wa huu ulionao vitambaa mpaka unene. Asubuhi loweka mikono kwenye beseni la maji ya vuguvugu, ufumbe na kufumbua taratibu. Idara ya fiziotherapia inaweza kukutengenezea kishikizo cha kiganja cha kuvaa usiku. Tembea kila siku kadiri nyayo zinavyoruhusu. Kiungo kinacholazwa tu kinazidi kukakamaa, na moyo wako unauhitaji mwendo huo kuliko vidole.

Presha ipimwe kila mwezi, ukiwa mzima au mgonjwa, na kolestro ikaguliwe. Kwako wewe mwenye historia ya mama, hilo ni sehemu ya matibabu ya viungo. Daktari asipolitaja, litaje wewe.

Limebaki la binti yako. Uwezekano wake wa kupata ugonjwa huu ni mkubwa kuliko wa msichana ambaye mama yake hana, karibu mara 3. Lakini kwa kuwa ugonjwa wenyewe humpata mtu mmoja hivi katika kila 100, au pungufu ya hapo, watoto wengi mno wa wagonjwa huzeeka bila kuuona. Kumpima damu sasa akiwa mzima hakutakusaidia kitu, kutampa hofu tu. Sigara ndiyo inayojulikana wazi kuuchochea kwa mwenye asili hiyo, basi asivute, na akikua asizoee shisha. Na ikitokea siku akaanza kuamka vidole vimevimba, ikapita wiki moja, ya pili, ya tatu, apelekwe hospitali moja kwa moja, asipitishwe duka la dawa.